Mjadala: Shahada ya masafa ni shahada, au ni kitu cha kuombea radhi?

MTOA MADA, DAR ES SALAAM

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne, naliweka mezani tulichambue.

Mpwa wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu. Ofisi siitaji. Wamekaa watu wanne, wanamuuliza mizania, anajibu. Wanamuuliza kodi ya ongezeko la thamani, anajibu. Halafu mmoja akafunua cheti, akasoma jina la chuo, akamgeukia mwenzake: "Kumbe ni ya masafa." Yaani ya kusoma ukiwa kwako, mbali na chuo. Maswali yakaishia hapo. Wakamwambia watampigia, na wote tunajua maana yake.

Sasa huyu binti namjua alivyosoma, maana nilikuwa naishi naye. Ni keshia wa supamaketi. Anatoka saa tatu usiku, anagombania daladala, akifika anakula kiporo na kulala. Saa tisa alfajiri ananyanyuka kupakua mihadhara kwa bando la usiku, kwa sababu la mchana linakula nauli. Simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, daftari liko gotini. Siku za mitihani alikuwa akibadilishana zamu na mwenzake, na zamu hizo alizilipia kwa chakula cha mchana. Miaka minne hivyo, na ada kwa awamu kutoka mshahara wake. Bumu, ile pesa ya mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, hakuliona hata kwa dawa.

Tena hii elimu haikuanza na simu janja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Waingereza walikuwa wametangulia: chuo chao huria kilianzishwa 1969, na 1971 watu wakawa wanasoma kwa vitabu vya posta na vipindi vya BBC, hata wale ambao shule iliwaacha njiani. Afrika Kusini, chuo kikuu cha UNISA kilishaanza kufundisha kwa posta 1946. Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo hapo UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kuna aliyemwambia "kumbe ni ya masafa"?

Msimamo wangu: shahada ni shahada. Karibuni mnibishie.

FUNDI WA MAABARA, MOROGORO

Pole kwa binti, lakini Mandela tumwache apumzike. Huyo alishakuwa wakili mwenye ofisi Johannesburg kabla hajafungwa. Alikuwa anamalizia jengo lenye msingi.

Mimi nipo maabara mwaka wa 11 huu. Anakuja kijana aliyesoma kemia kwenye makabrasha, kaletwa kwa vitendo vya wiki mbili. Milinganyo yote iko kichwani, utamsifu. Mpe bureti sasa, ule mrija wa kioo wa kudondosha dawa tone kwa tone. Kwenye kupima tindikali kuna ile rangi ya waridi iliyopauka, inayotokea kwa tone moja tu. Tone la pili likidondoka umeharibu, anza upya. Hilo jicho halipatikani kwenye video. Linapatikana kwa kusimamiwa begani na mtu anayekuambia "polepole, polepole, funga!" mara hamsini. Uhasibu sawa, soma hata ukiwa juu ya mnazi. Kuna mambo hayasomeki hivyo.

La pili naona aibu kulisema. Nimewahi kuandikia watu kazi za chuo kwa pesa. Elfu ishirini kwa kurasa kumi, na nikaambiwa nisiandike vizuri sana mkufunzi asije akashtuka. Kwa hiyo wale wa usailini siwalaumu wakiwa na wasiwasi. Cheti kimesomewa chumbani peke yake. Nani alikuwa chumbani?

MWALIMU MSTAAFU, SINGIDA

Vijana, mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Naandika hivyo bila kujificha, ingawa najua jina hilo lilishageuzwa tusi.

Kwa wasiojua: Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo, na vyuo vya ualimu visingetosha hata vikijazwa hadi jikoni. Serikali ikachukua sisi tuliomaliza darasa la saba, ikatufundisha ualimu kwa masafa tukiwa vijijini kwetu. Asubuhi unafundisha darasa la kwanza, alasiri unasoma vijitabu vilivyotoka Dar, na kipindi cha redio kikifika mnakusanyika kwa mwenye redio. Betri zikichoka tulizianika juani. Miaka mitatu hivyo, kisha tukaitwa chuoni kwa wiki kadhaa kumalizia. Tulikuwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo wengi mnaodharau masomo ya masafa, aliyewashika mkono kuandika herufi "a", au aliyewafundisha wazazi wenu, huenda aliyapitia hayo.

Nisidanganye lakini. Nilifundisha hesabu za sehemu mwaka mzima kabla sijaelewa kwa nini ukigawanya kwa sehemu unaigeuza. Nilijua kuigeuza tu. Mtoto akiuliza "kwa nini?" nilimwambia andika. Aliyeniokoa ni mratibu. Alikuja kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili, anakaa dawati la nyuma, ananisikiliza, halafu ananitoa nje chini ya mwembe tunazungumza. Siku hiyo alichukua muwa, akaukata vipande vya nusu, akaniuliza: "Katika miwa mitatu nusu ziko ngapi?" Sita! Nikacheka peke yangu hadi nyumbani.

Sasa nimuulize mtoa mada: binti yako alikuwa na mratibu?

MAMA WA WAWILI, KITENGELA

Mwalimu shikamoo. Nawaandikia kutoka Kenya. Sisi huku Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa Agosti 2023, makao yake Konza, na mimi nafikiria kujiandikisha, kwa hiyo sina ubaya na hayo masomo.

Lakini watu wasije wakayapeleka kwa watoto. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Nyumbani kwangu simu moja, na simu yenyewe ni ya kazi. Ikabaki redio. Huyu mdogo siku tatu za kwanza alikuwa anaijibu redio, "Ndiyo, mwalimu!", tena amesimama wima. Wiki ya pili redio inafundisha viti, yeye yuko nje na mpira. Mtu mzima anajua anachokitafuta. Mtoto wa miaka minane anatafuta mwenzake.

MTOA MADA

Mwalimu, umenikamata. Mratibu hakuwepo. Kulikuwa na kituo cha mkoa, kulikuwa na siku chache za ana kwa ana kila mwaka, na mpwa wangu alizikosa nyingi kwa sababu ya zamu. Aliyemsahihisha ni keshia mwenzake aliyewahi kusoma biashara. Wanaosoma bwenini wana vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, wanakaa pale hadi usiku wa manane, wanagombana, aliyeelewa anamfundisha asiyeelewa. Huyu wa masafa tumemwachia kopo la maziwa. Nakubali kwamba hapo chuo kinadaiwa, na ningetamani ada ile imnunulie mtu wa baiskeli hata kama siku hizi ni kwa simu: mtu mmoja anayejua jina lake, anayempigia akipotea wiki mbili.

Mama wa Kitengela, la watoto sina ubishi.

Ila usaili siuachii. Mnataka kujua kama anajua kazi? Mpeni vitabu vya mwezi mmoja vyenye hitilafu, mfungieni chumbani saa mbili bila simu, aitafute. Na yule wa chuo cha darasani mfungieni naye. Nina hakika hakuna aliyemuuliza huyo nani alikuwa chumbani.

Na wewe fundi, umesema uliandikia watu kwa elfu ishirini. Walikuwa wa masafa?

FUNDI WA MAABARA

Wawili wa masafa.

Watano walikuwa wa darasani. Mmoja alikuwa hosteli moja na mimi, chumba cha tatu kutoka kwangu.