Mji mdogo, vijana wanne, mtaji wa kubana: tuanze na kazi gani?

Kijana_wa_Stendi
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa watu wanaozijua kazi hizi kwa mikono. Moyo tunao, hesabu ndiyo hatuna. Tuko wanne: mmoja ana cheti cha umeme, mmoja fundi simu, wawili wametoka sekondari. Mji ni mdogo, umezungukwa na mashamba, umeme unakatika, na mji mkubwa uko saa tatu kwa basi. Mezani kuna mawazo matatu: kuchaji na kutengeneza simu, karakana ya kuchomelea, kutotolesha vifaranga. Lipi lianze?

Hesabu_Kwanza
Msichague bado. Kwa wiki mbili, zikiwemo siku za soko, ulizeni makondakta wa mabasi wanabeba nini kwenda kutengenezwa mjini. Mzigo unaolipiwa nauli ili ukatengenezwe ni mteja ambaye tayari anatoa hela, tena hela ya ziada.

Kisha pigeni hesabu ya vichwa. Tuseme eneo lina simu 3,000 na moja kati ya kumi hufika kwa fundi kila mwaka. Hizo ni kazi 300, yaani kama sita kwa wiki. Kama mafundi wawili wapo tayari, nyie mkiwa wa tatu mnapata mbili kwa wiki. Kazi mbili hazilishi watu wanne. Biashara nyingi za miji midogo zinafia hapa, halafu lawama anabebeshwa mtaji. Mjini mtu anaweza kuishi kwa kubadilisha vioo tu. Huku mlango mmoja lazima ubebe kazi tatu au nne.

Volti12
Naongezea upande wa kuchaji, maana watu wanafunga sola kwa kukisia.

Betri ya maji ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200, yaani volti mara Ah. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Simu yenye betri ya mAh 5,000 inabeba kama Wh 19; weka upotevu, sema 25. Unapata simu 24 kwa siku, na hizo zote ziwe zimekuja zimezima kabisa. Paneli ya wati 200 kwenye saa tano za jua kali inatoa Wh 1,000. Toa robo ya upotevu, zinabaki 750. Inatosha kuirudisha betri na kubakiza taa ya kazi.

Makosa yanayojirudia:

Kwanza inveta. Mtu anapandisha volti 12 kuwa 230, kisha anachomeka chaja inayoshusha tena hadi 5. Kila hatua inakula. Tumia adapta za USB zinazokula volti 12 moja kwa moja.

Pili waya. Ampea 10 kwa umbali wa mita 5 (kwenda na kurudi mita 10): waya wa mm² 2.5 unapoteza karibu volti 0.7, wa mm² 6 unapoteza 0.3. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ndiyo tofauti ya betri kujaa na kutojaa. Fyuzi ikae jirani na chanya ya betri, isiwekwe kule mwisho wa waya.

Tatu kupima vibaya. Betri ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, ndipo uweke mita: 12.7 imejaa, 12.1 imefika nusu. Ikipungua maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, usiongeze asidi.

Na msiitegemee kazi ya kuchaji kwa muda mrefu. Umeme ukitulia inakufa. Faida yake ni kwamba anayeleta simu kuchaji ndiye huyo huyo mwenye kioo kilichopasuka.

Blowa_na_Mita
Fundi simu aanze na mita, bisibisi, pasi ya kulehemu kwa risasi, blowa ya hewa moto, pawa saplai ya DC (ya kuipa bodi umeme wakati wa kupima) na spiriti ya isopropili ya 99%. Vingine vije na kazi.

Simu "haichaji"? Kabla ya kung'oa tundu la chaji, chokoa vumbi la mfukoni kwa kijiti kisicho cha chuma. Iliyoingia maji isichomekwe wala kuanikwa juani: fungua, toa betri, osha bodi kwa spiriti na brashi laini. Kuianika kunaondoa maji tu, chumvi inabaki na kuendelea kula bodi. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuipasha moto. Iweke kwenye ndoo ya mchanga, nje.

Daftari ni lazima: jina, IMEI (namba ya utambulisho wa simu), tatizo, na mikwaruzo iliyopo, mteja akiwa bado amesimama. Bila hivyo mtalipia vioo ambavyo hamkuvipasua, na siku moja mtakutwa na simu ya wizi. Spea msijaze. Nunueni ya modeli iliyokuja mara mbili ndani ya mwezi.

Mama_Vifaranga
Mashine ya kutotolesha mayai ya kuku yenye feni inataka nyuzi 37.5, siku 21, mayai yageuzwe hadi siku ya 18, kisha yaachwe na unyevu upandishwe. Umeme wenu unakatika, basi bila betri ya akiba msiguse. Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Na oda zichukuliwe kabla ya kuingiza mayai. Kifaranga asiye na mnunuzi anataka joto na chakula kila siku, anakula faida yote.

Kijana_wa_Stendi
Asanteni sana. Na kuchomelea? Halafu watu wanne tunagawanaje, na wanaotaka mali kauli tuwafanyeje?

Volti12
Pima volti jioni, wakati watu wote wamewasha. Zikishuka sana mashine itakata katikati ya kazi. Rodi za kuchomelea za aina ya 6013, unene mm 2.5, zinataka ampea 60 hadi 90. Kwa jenereta usishuke chini ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha nguvu yake). Rodi zilizoshika unyevu hutoa vitundu kwenye weldi, zikaushe. Malipo ya awali yafikie bei ya chuma chote, kwa sababu geti lililokataliwa na aliyeliagiza halimtoshi mwingine.

Hesabu_Kwanza
Mimi kuchomelea ningekuweka mwaka wa pili.

Kugawana: wawili wakae dukani, mwenye cheti afunge sola na kuhudumia pampu za mashambani, wa nne azunguke vijijini kukusanya simu mbovu. Kila kazi toeni spea kwanza, kinachobaki ndiyo ufundi. Sehemu kwa aliyefanya, sehemu kwenye kapu la kodi na vifaa. Mkigawana sawa sawa, anayefanya kazi zaidi ataondoka kabla ya mwaka. Andikeni mapema pia kwamba anayehama haondoki na kifaa kilichonunuliwa na kapu, maana kuhama kupo.

Mali kauli hamtaikwepa, mkulima ana hela baada ya mavuno. Kopesheni ufundi tu. Spea ilipwe taslimu, na tarehe ya deni iwe wiki ya kuuza mazao, isiwe mwisho wa mwezi.