Richard Pryor alifanya nini cha tofauti?

Swali: Wakuu naomba mnielimishe, wachekeshaji wakubwa wengi wanamtaja Richard Pryor, yule mchekeshaji wa Marekani, kama mwalimu wao. Alikuwa na kipi hasa?

Jibu: Mkuu, jamaa kazaliwa 1940 huko Peoria, Illinois, akalelewa na bibi yake aliyekuwa anaendesha danguro, kwa hiyo makahaba, walevi na matapeli ndo watu aliokua nao. Mwanzoni alikuwa anachekesha kistaarabu kwa kumuiga mchekeshaji mwenzake Bill Cosby, mpaka 1967 akiwa Las Vegas akaona hapana, akashuka jukwaani akaacha watu wamekaa. Baada ya hapo akawa anasema maisha yake kama yalivyo, ubaguzi, unga, ndoa kuvunjika, na wale watu wa mtaani kwao anawaigiza kwa upendo kabisa, hawadharau. Hapo ndo namkubali mno.

Jibu: Naongezea, 1980 aliungua moto vibaya sana sababu ya madawa, akapona, akapanda jukwaani kusimulia hilohilo. Ule ni ujasiri jamani.

Swali: Asanteni sana. Aliacha lini kuchekesha?

Jibu: 1986 aligundulika na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ukamdhoofisha taratibu. 1998 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Mark Twain, ile ya uchekeshaji ya Marekani, akafariki Desemba 2005.