Siku 5 na mke wangu: Istanbul, Maskati au Kigali?

BabaWawili_Tabata
Wakuu habarini. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa mwishoni mwa Novemba. Yeye ni muuguzi na zamu za usiku zimemchosha kweli. Kaniambia, "Nipeleke mji ambao naweza kukaa, siyo wa kukimbizana." Tuna siku 5 tukitokea Dar, na nimebaki na miji mitatu: Istanbul, Maskati na Kigali. Nauli nimeshapiga hesabu, popote hapo tunamudu. Nataka kujua wapi tutapumzika kweli.

MamaShani
Hongereni kaka, miaka 10 siyo mchezo. Mimi na mume wangu tulikwenda Istanbul mwezi wa 4. Siku mbili za kwanza ziliishia kwenye foleni za msikiti wa Ayasofya na kasri la Topkapı, tukarudi hotelini miguu imevimba. Siku ya tatu mume akasema leo hatukati tiketi ya kuingia popote. Tukapanda feri pale Eminönü kwenda Kadıköy, upande wa Asia, kama dakika 20 hivi. Usifikirie pantoni ya Kigamboni saa 1 asubuhi. Mmekaa kwenye benchi upepo unawapiga, mhudumu anapita na sinia la chai ya rangi kwenye vibilauri vidogo vyembamba katikati, na shakwe wanafuata chombo wakisubiri kurushiwa simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Tulikwenda tukarudi, tukapanda tena. Nikimkumbuka mume wangu akiwa ametulia, namkumbuka pale.

Mkienda, msilale Sultanahmet, mtaa wa zile foleni za watalii, laleni Kadıköy au Moda jirani yake. Halafu saa yao ni sawasawa na yetu, kwa hiyo hata usingizi hauvurugiki.

Kisima_Cha_Mawe
Yote aliyosema dada ni kweli, ila yeye alikwenda Aprili. Mwishoni mwa Novemba Istanbul ni baridi na mvua za mara kwa mara, na jua linazama kabla ya saa 12 jioni. Mji wenyewe ni vilima na ngazi. Kupanda kutoka Karaköy hadi mnara wa Galata kwenye mvua ni kazi. Kwa mtu aliyechoka nisingeshauri mwezi huo.

Rugamba_K
Kigali nimeishi miaka kadhaa. Raha yake ni wepesi: Mtanzania hasumbuki na viza, ndege ni fupi, mji ni msafi na usiku mnatembea bila wasiwasi. Nendeni Nyamirambo, Kiswahili kitawatosha, mle mishkaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Jihadharini na mambo mawili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, asubuhi watu wote wako kwenye kazi za pamoja na maduka yamefungwa, na tarehe zenu zinaangukia hapohapo. La pili, Novemba ni mvua. Mkitaka kufika kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, ambako wamezikwa watu wapatao 250,000, itengeeni siku yake. Msiende huko halafu jioni mkapange chakula cha maadhimisho. Ile siku itawabaki moyoni.

Bint_Malindi_Unguja
Assalaam aleikum. Mie niko huku Maskati, Oman, mwaka wa nane sasa. Shemeji yangu huyo muuguzi, mlete huku. Novemba joto limeshavunjika, mchana nyuzi 28 au 30, usiku kuna upepo mzuri. Mkae Mutrah, mtaa wa soko la zamani, barabara ya ufukweni, majahazi mbele na milima ya mawe nyuma. Ndani ya soko utasikia Kiswahili kabla hujakaa sawa, maana nyumba nyingi huku zina mtu wa Unguja au Pemba. Mkikaribishwa halua, mnamega kwa vidole kutoka bakuli moja, kisha kahawa chungu yenye iliki kwenye finjani. Watakujazia tu, mpaka utikise finjani mkononi ndipo wajue umetosheka. Ubani unafukizwa tangu asubuhi.

Soko hufunga mchana, tangu kama saa 7 mpaka saa 10 hivi. Nanyi mlale saa hizo. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, wasio Waislamu huingia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke ajifunike nywele, mikono na miguu.

Kisima_Cha_Mawe
Naongezea la gharama za Maskati: rial 1 ya Oman ni kama dola 2.6, kwa hiyo bei zinaonekana ndogo kwenye karatasi na mfuko unalia. Mji umerefuka kando ya bahari, huwezi kuumaliza kwa miguu. Dereva mmoja pale uwanja wa ndege alitutoza mara tatu ya nauli kwa sababu hatukupatana kabla. Iteni gari kwa programu ya simu au mpatane mlangoni.

BabaWawili_Tabata
Nimemsomea mke wangu yote. Kwenye habari ya feri alinyamaza, akasema hiyo tuiwekee Aprili nyingine. Kwenye finjani akaomba nirudie kusoma. Basi ni Maskati. Bint Malindi, Mutrah kuna kelele asubuhi? Nimeona na hoteli za Qurum karibu na ufukwe wa mchanga.

Bint_Malindi_Unguja
Qurum ni pazuri kwa kuogelea na kutembea mchangani, lakini kila mkitaka soko ni teksi. Kaeni Mutrah usiku tatu, mbili za mwisho mhamie Qurum. Mutrah ombeni chumba kinachotazama bandari, ghorofa ya juu. Adhana ya alfajiri mtaisikia, baada yake kimya. Soko la samaki liko mwisho wa barabara hiyohiyo, ukiamka mapema nenda peke yako ukaone jodari wanavyoshushwa. Yeye muache alale.

MamaShani
Kaka, na siku mkirudi asipangiwe zamu usiku huohuo. Ombeni ruhusa ya siku moja zaidi kuanzia sasa.