Naomba ushauri: mume wangu anataka kinanda cha santuri cha milioni 18

MamaSalha
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada bila kejeli. Baba watoto kashikwa na mapenzi ya santuri. Marehemu babu yake wa Tanga aliacha sanduku zima la taarabu, na tangu lifike hapa kwangu hatuna maongezi mengine. Sasa kaona kinanda cha Linn, wale wa Scotland, hadi kifike Dar na ushuru wake ni kama milioni 18. Hela ya kiwanja hiyo! Nikimwambia asikilize kwenye simu ananijibu kuwa sauti ya santuri ina nyama. Ni kweli au anauziwa hewa? Santuri zenyewe ni nyeusi, nzito, katikati kuna picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Juzi mtoto kadondosha moja, ikavunjika vipande vipande.

Jogoo la Mjini
Noah hiyo dada. Mnunulie spika ya bluetooth ya elfu 60, taarabu zipo YouTube. Uzi ufungwe.

FundiSpika
Usifungwe kwanza. Dada, rudi kwenye hiyo iliyovunjika. Santuri ya plastiki ukiidondosha inaruka tu. Inayopasuka vipande ni ya zamani, ya lakiri. Ukiongeza huyo mbwa wa His Master's Voice, nina hakika sanduku la babu limejaa 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja wimbo mmoja wa kama dakika tatu. LP, zile santuri za plastiki za mizunguko 33, zilianza 1948, na za mizunguko 45 mwaka uliofuata.

Sasa sikia kichekesho: Linn anayoitaka shemeji inazunguka 33 na 45 tu. Atalipa milioni 18 na sanduku la babu hatalisikia. Tena mifereji ya 78 ni mipana, inataka sindano yake nene. Ukitia ya LP inazama hadi chini kabisa ya mfereji, na utasikia kelele kuliko mwimbaji.

Kuhusu bei: hela inalipia mota isiyoyumba, mkono usiokwama na sahani isiyotetemeka. Hayo yanasikika, sibishi. Ila tofauti kati ya kinanda cha laki mbili na cha milioni moja ni kubwa. Ukishavuka milioni kadhaa unaanza kulipia ufahari. Linn hao hao mwaka 2023 walitoa toleo la kinanda chao cha LP12 lililobuniwa na Jony Ive, yule wa iPhone, vipande 250, kila kimoja pauni 50,000. Wajapani wa TechDAS wana chao cha zaidi ya dola 400,000. Hapo humuuzii mtu muziki tena.

Mpwani wa Muscat
Fundi kamaliza ya ufundi, ila msimdhihaki baba wa watu. Santuri inakulazimisha ukae. Huruki wimbo, unanyanyuka kugeuza upande, na wageni wakiwepo wananyamaza wakisubiri sindano itue. Wengi wameliona hilo: Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa milioni 41 na CD milioni 33, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1987.

Na dada, zisomeni lebo moja moja. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni hiyo hiyo ya mbwa. Mkimkuta humo, msithubutu kumpiga kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ile sindano ya chuma inakwangua mfereji. Wala msifute kwa spiriti, lakiri inayeyuka! Maji safi kidogo na kitambaa laini vinatosha, na lebo isilowe.

Bishoo wa Sauti
Fundi una wivu wa umaskini. Kinanda kikubwa unasikia mpaka mwimbaji akivuta pumzi. Hakuna dijitali inayofikia hapo.

FundiSpika
Bishoo, Mobile Fidelity wa Marekani walisifiwa miaka kwa santuri zisizoguswa na dijitali. Mwaka 2022 ikabainika nyingi zimepitia dijitali. Hao wenye masikio ya dhahabu walikuwa wapi?

Bishoo wa Sauti
Hiyo ni mada nyingine.

Otis254
Hapa Nairobi, Kenyatta Market, kuna kibanda kimejaa rekodi za zamani. Shemeji akipita huku aingie, asikize kwa masikio yake kabla ya kutoa pesa.

FundiSpika
Ushauri wangu: Audio-Technica LP120. Ina 33, 45 na 78, bei haifiki dola 500, na sindano ya 78 inauzwa peke yake. Ile yenye USB inaingiza nyimbo kwenye kompyuta, kwa hiyo za babu zirekodiwe kabla hazijaisha kuvunjika. Ziwekeni wima, mbali na jua na mbali na watoto.

MamaSalha
Nimempa simu asome. Kabisha, kanuna, kisha kaenda kulifungua sanduku: zote zimeandikwa 78 isipokuwa nne. Linn kaiacha kwa sasa. Anauliza hiyo sindano nene kama Kariakoo ipo.

FundiSpika
Mimi Kariakoo sijaiona. Aiagize pamoja na kinanda, na achukue mbili, ushuru asilipe mara mbili.

Jogoo la Mjini
Na kiwanja je?