Vijana wa kanisa kwenda nje wiki mbili kuhudumia watoto: waende, au nauli itumwe?

Mleta mada: Wakuu heshima kwenu. Timu ya vijana kanisani kwetu inajiandaa kwenda misheni nje ya nchi, wiki mbili kwenye kituo cha watoto yatima. Hadithi za Biblia, nyimbo, michezo, na kupaka rangi mabweni. Baraza la wazee limegawanyika, wengine wanasema nauli ile itumwe kituoni tu. Mimi nasema waende, Yakobo 1:27 iko wazi, dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane. Tujadili kwa hoja sio matusi.

Jembe Butu: Kuwatazama, sio kupiga nao selfi. Halafu hao vijana wanaolilia watoto wa nje, shule ya Jumapili hapo kwenu wanafundisha wangapi?

Mleta mada: Jembe umeanza. Selfi nimeandika wapi? Na shule ya Jumapili imeingiaje hapa, kila mtu ana karama yake.

Jembe Butu: Karama inayohitaji pasipoti. Sawa mkuu.

Nyota ya Asubuhi: Nilishaenda safari ya hivyo enzi za chuo. Siku ya kwanza tu katoto ka miaka kama mitano kakanirukia shingoni hata jina langu hakajui, wenzangu wakalia kwa furaha. Mkononi kalikuwa na bangili za uzi za timu tatu tofauti, yetu ikawa ya nne. Tulipofundisha Nuhu, watoto wakaimalizia hadithi kabla mwenzetu hajafika kwenye njiwa maana timu iliyotangulia nayo ilifundisha Nuhu. Ila walicheka sana, siwezi kusema ilikuwa bure.

Msomi wa Usiku: Hiyo ya kurukia shingoni watafiti wameiandika sana, mtoto anayelelewa na watu wanaobadilika badilika hachagui wa kumkumbatia. Kuna ule utafiti wa Romania, pale Bucharest, ulianza 2000 nadhani, watoto mia na kitu wa vituoni, nusu wakapelekwa familia za kulea nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida, waliopata familia wakaendelea vizuri zaidi hasa waliotolewa wadogo. Na wengi wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi hai, ni umaskini umewaleta. Mgeni akija na mchango, kituo kinahitaji watoto wa kumwonyesha. Ndo maana UN walipiga marufuku.

Mtumishi Asiye na Haraka: Msomi, hawajapiga marufuku. Azimio la Baraza Kuu la Desemba 2019 linazitaka nchi zizuie usafirishaji na unyonyaji wa watoto vituoni na zishughulikie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Kabla yake Australia, kipindi cha sheria yao ya utumwa wa kisasa ya 2018, walishatambua kwamba kumtoa mtoto kwao ili kujaza kituo ni aina ya utumwa. Sasa kama hiyo ndo hoja, hata mkituma nauli kituoni si mnalisha kitu kile kile? Kwanini isiende kwa familia zikae na watoto wao?

Msomi wa Usiku: Azimio, marufuku, umeelewa nilichomaanisha. Watu wa kusahihisha wenzao mko wengi sana humu.

Mama Wawili: Mi nauliza kama mzazi. Shuleni kwa mwanao ije timu ya vijana wageni, hakuna aliyewachunguza, wawabebe watoto mgongoni, wawapige picha, wiki mbili waondoke. Ungekubali? Hao mmewachunguza?

Mleta mada: Dada, hao ni watoto wetu wa kanisani tunawajua tangu ubatizo, unawafananisha na wahalifu?

Mwalimu wa Watoto: Samahanini mi nimekuja kwa lile swali la Jembe, na mleta mada nimekujua kwa uandishi wako, kwaya, safu ya nyuma. Shule ya Jumapili naifundisha mimi na mama mmoja tu, watoto wa miaka mitatu hadi kumi na mbili chumba kimoja, kile cha kuwekea viti vibovu, mkubwa anataka kuuliza habari za dinosaria mdogo anataka chooni, nimeomba msaidizi nikaambiwa vijana wako bize na mazoezi ya misheni. Mazoezi gani? Nyimbo za watoto! Wanaimbiana wenyewe ukumbini mlango umefungwa na watoto wangu wako nje wanachungulia dirishani.

Jembe Butu: Yesu na Maria. Endelea Mwalimu.

Mleta mada: Mwalimu usijifanye mmesahaulika, mlinunuliwa kalamu za rangi boksi zima.

Mwalimu wa Watoto: Ziko kwenye mabegi ya misheni. Nenda kaangalie.

Baba wa Besi: Kwaya imeingizwaje tena kwenye huu uzi? Ile safu ya nyuma ndo inayobeba ibada, na spika tulichanga wenyewe. Mkitaka walimu walipwe semeni kwenye kikao, msipitie kwa mtu.

Mama Wawili: Nani amesema kulipwa? Mi nimeuliza uchunguzi.

Nyota ya Asubuhi: Ila walipwe jamani, hata nauli.

Baba wa Besi: Nauli? Tukianza na walimu, kesho wapiga kinanda.

Mtumishi Asiye na Haraka: Swali la familia bado liko pale juu.

Mleta mada: Mtumishi nitakujibu, ngoja kwanza. Mwalimu, hayo mabegi nani alikufungulia?