Zawadi adimu za gemu, ni haki ama tunachezwa tu?

Msee_Umoja: Wasee, kuna gemu fulani unanunua sanduku bila kujua zawadi iko ndani, moja ni hamsini bob, na ngozi ya dhahabu (yaani mwonekano wa mhusika wako) wameandika chansi ya kuipata ni asilimia 1. Nimefungua mpaka M-Pesa imebaki ya mat tu na bado napewa vibandiko vya ovyo, na kajamaa ka ploti yetu kalipata na sanduku la kwanza. Si huu ni wizi?

Kaka_Rongai: Asilimia 1 haimaanishi ukifungua mia lazima upate bro. Sanduku la leo halijui ulikosa jana. Watu mia wakifungua mia mia kila mmoja, kama 37 hivi watatoka mikono mitupu. Cheki kama iko na kikomo, yaani idadi ukifika lazima upewe, kama kwa gemu ya Genshin Impact ukifika mara 90 lazima upewe nyota tano, zile zawadi adimu zaidi.

Shiro254: Hata hiyo asilimia wanaandika juu walilazimishwa, Apple ilianza kuidai kwa gemu za App Store yake 2017, na Ubelgiji 2018 ikasema masanduku ya kulipia ni kamari. Adimu iwe adimu sawa, lakini ipatikane kwa kucheza, si kwa mfuko wa mtu.

Msee_Umoja: Kikomo sijaona popote. Ndio maana!