Mnaouza "pakeji ya wanandoa" kuja Dubai: mnauza hewa, na mnajua kabisa

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitajifanya sina. Kama wewe ni mmoja wa wanaouza visa ya matembezi pamoja na "kazi ipo tayari, njoo na mwenza wako", uzi huu ni wako. Kaa usome mpaka mwisho.

Mimi na mume wangu tulilipa milioni tisa na ushee kwa watu wawili. Tuliambiwa ndani yake kuna tiketi, visa za matembezi za siku 60, "makazi ya wanandoa" kwa wiki za mwanzo na "usajili wa kazi". Wakala ni Mtanzania mwenzetu anayeishi huku huku. Sauti zake ninazo kwenye simu: "Shemeji, mkifika tu jamaa anaingia ulinzi, wewe unaingia hotelini, mwezi wa pili mmoja anamvuta mwenzake mnapanga chumba chenu." Ushemeji mwingi mpaka ungedhani tumechangia bibi.

Tumetua usiku, gari ikatupeleka Deira. Ikasimama kwenye jengo moja upande wa Naif, mume wangu akaonyeshwa kitanda cha juu kwenye chumba kilichojaa dabodeka mpaka dirishani. Mimi nikaambiwa nirudi garini. Nikapelekwa Al Rigga, chumba cha wanawake watupu. Namuuliza dereva chumba chetu kiko wapi, anasema yeye katumwa tu. Nampigia wakala: "Shemeji, Dubai ndivyo ilivyo, vumilieni kidogo." Mkitaka kulala pamoja, anasema, ongezeni hela mpate patisheni. Patisheni ni kile kijichumba cha kugawanya sebule ya mtu kwa mbao ambazo hazifiki hata darini. Na hizo patisheni manispaa ya Dubai inazikataza! Mwaka 2025 wakaguzi walipita Al Rigga hiyo hiyo, Muraqqabat na Satwa, watu wakatolewa na mabegi yao. Kwa hiyo makazi ya wanandoa tuliyolipia yalikuwa ama hayapo, ama ni ya kukimbizwa.

Basi ndoa yetu ikahamia stesheni ya Union, pale metro nyekundu na ya kijani zinapokutana. Tunaonana jioni, tunahesabu hela, tunaonyeshana miguu ilivyovimba, kila mtu anarudi kwenye kitanda chake. Treni ikijaa mimi naingia behewa la wanawake, na yeye akivuka ule mstari tu ni faini ya dirhamu 100. Dirhamu moja ni kama shilingi 700 hivi, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo mnapokera zaidi.

Kampuni ya kwanza ya ulinzi iliyokubali kumsikiliza mume wangu ilimuuliza swali moja: kadi ya SIRA unayo? SIRA ndiyo mamlaka inayosimamia mambo ya ulinzi Dubai, na bila mafunzo na leseni yao huvai sare. Wewe uliyeko huku miaka yote hiyo hukulijua? Ulilijua. Ungelisema, tusingelipa.

Mimi nikazunguka na CV kwenye mahoteli, mlango wa nyuma. Mlinzi hata haipokei, anakuonyesha kidole kwenye simu: tuma mtandaoni. Ofisi moja ya usafi ikaniambia nianze "majaribio" ya wiki mbili bila malipo kwa visa ile ile ya matembezi, wakiridhika ndipo tuongee. Kwa visa ya matembezi hairuhusiwi kufanya kazi, nukta. Tangu 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali faini yake inaanzia dirhamu 100,000 na inafika milioni moja. Yeye ana mwanasheria. Mimi nikikamatwa nina nini? Naishia kurudishwa nyumbani na kupigwa marufuku.

Halafu kuna ile ofisi ya ghorofani Deira tuliyoelekezwa na wakala mwenyewe. Kabla hata ya kuuliza jina lako wanataka dirhamu 300 za "kufungua faili", kila mmoja. Sheria ya kazi ya nchi hii, namba 33 ya mwaka 2021, kifungu cha 6, inasema gharama za kuajiri asitozwe mfanyakazi, si moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Analipa mwajiri. Ule "usajili wa kazi" tuliolipia tukiwa Dar ni mlango wa nyuma wenyewe huo.

Lakini uongo ulioniuma kuliko yote ni wa "mmoja anamvuta mwenzake". Huu alinifumbua macho dada mmoja wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja, tukinywa karaki, ile chai ya maziwa ya huku, pale chini. (Karaki ndiyo kitu pekee nilichouziwa hapa kwa bei iliyotajwa.) Ili umdhamini mume au mke kuishi huku unatakiwa uwe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na mwajiri akupe na nyumba. Na cheti cha ndoa kiwe kimegongwa mihuri ya kule kwetu na ya kwao, kisha kitafsiriwe Kiarabu. Cheti chetu kiko kwenye sanduku la mama mkwe, kwa sababu wakala alisema "hakina kazi, msibebe makaratasi mengi".

Ofa ya maana aliyoipata mume wangu ni dirhamu 2,200, na malazi ya kampuni Sonapur, kambi ya wanaume. Mimi huko siingii hata kumsalimia. Na nikipata usafi, nami nitalazwa kambi ya wanawake, labda upande mwingine kabisa wa mji. Hizi kazi mnazowapeleka watu ndivyo zilivyo tangu mwanzo, mshahara haufiki kwenye kiwango cha kudhamini na malazi ni ya jinsia moja. Pakeji ya wanandoa haiwezekani kwa kazi hizo. Haikucheleweshwa wala hatukuwa na bahati mbaya, haipo.

Na ukilalamika jibu ni moja: "Ongezeni visa." Hapo nimemwelewa. Ukizidisha muda ni dirhamu 50 kila siku kwa kila kichwa, kwa hiyo unaogopa, unamlipa tena akuongezee, naye anakula mara ya pili kwa mtu yule yule.

Najua wapo watakaokuja na "komaeni, wenzenu walilala kwenye maboksi wakatoboa". Sijaja kulalamikia jua wala vitanda. Kukomaa tunakomaa, mume wangu anatembea Al Quoz nzima kwa miguu ili asitoe dirhamu saba na nusu za metro. Ningeambiwa ukweli nikiwa Dar, kwamba mtaishi mbalimbali na hela ni hii, ningeamua mimi na mume wangu mezani kwetu. Uamuzi huo ndio mlioutuibia.

Bwana wakala, najua humu upo. Nataka hela ya "makazi ya wanandoa" na ya "usajili wa kazi", hayo mawili tu, tiketi na visa nimevitumia. Risiti za muamala ninazo. Anayepeleka Watanzania kufanya kazi nje anatakiwa awe na leseni ya serikali. Nilikuomba namba ya leseni yako, ukanitumia picha ya Burj Khalifa.

Wengine mliopitia pakeji hii, iwe Dubai, Doha au Muscat, wekeni hapa mlilipa ngapi na mliahidiwa nini, neno kwa neno. Majina ya watu na namba za simu msiweke, modi asije akapata sababu ya kufunga uzi.